Mbeleko Namba Kumi na Saba

Saa kumi na mbili na robo asubuhi behewa la tatu lilikuwa limeshajaa, na hakuna aliyekuwa akizungumza. Watu waliingia wakiburuta miguu, wakakaa, wakafunga vitambaa vyao kwenye mikono ya viti, wakasubiri. Walinuka sabuni ya kipande na moshi wa mkaa. Kobelo alipita katikati akikagua mikanda, kiti baada ya kiti, kama alivyofanya kila siku kwa miaka sita. Miguu ilimuuma. Ilikuwa ikimuuma tangu mwaka wa kwanza.

Viti vile vilikuwa na jina refu la kampuni, lakini hakuna aliyelitumia. Watu waliviita mbeleko, kwa sababu ya ule mkanda mpana uliomzunguka abiria kifuani na kumvuta nyuma, kama mtoto anavyobanwa mgongoni. Ukishafungwa, utepe ulikaza kwenye paji la uso, mgongo wa kiti ukaanza kunguruma, na kabla treni haijamaliza kutoka stesheni ya Mikese ulikuwa umezimika. Dakika arobaini baadaye uliamka na nguvu za mtu aliyelala usiku kucha. Ndani ya mbeleko hapakuwa na ndoto. Hapakuwa na kujigeuza wala kukoroma. Watu themanini walikaa kimya kama magunia ghalani.

"Mtani, bado hujafa?"

Alikuwa Nyamizi, wa mwisho kuingia kama kawaida yake, kofia ngumu ya kazini ikining'inia begani.

"Nikifa nani atawaamsha nyinyi wapagazi?" Kobelo akamjibu. "Si mtapitiliza mpaka baharini."

"Mtu wa milimani anajua bahari? Nyinyi mkiona dimbwi mnavua viatu."

Nyamizi alikuwa Mnyamwezi, Kobelo Mluguru. Watani. Kwa miaka sita hawakuwahi kusalimiana kwa heshima hata siku moja. Nyamizi alikuwa amewahi kumnyang'anya chapati mkononi, naye Kobelo alishamfichia kiatu hadi alipotishia kushuka na kimoja. Mtani hakasirikiwi, ndivyo walivyolelewa wote wawili.

Lakini asubuhi ile utani wake haukuwa na nguvu. Alikaa kwenye kiti namba kumi na saba, akatoa kitambaa chake cha njano, kipande cha khanga kuukuu, akaanza kukifunga. Njano ilikuwa ya wanaoshukia Bandari Kavu ya Vikonje. Nyekundu ilikuwa ya Ruvu, kijani ya Pugu, mwisho wa reli. Kampuni iliwahi kugawa kadi, zikapotea, ndipo wanawake wakaanza kuchana khanga zao. Kobelo alipofika stesheni aliwagonga soli za viatu wote wenye rangi ya hapo, akawafungulia kitambaa na kuwatia mkononi. Asiyefunga kitambaa aliachwa alale mpaka mwisho. Tangu Kobelo aanze kazi, hakuwahi kuona kiti kisicho na kitambaa.

Nyamizi alikosa fundo mara mbili. La tatu likashika.

"Mtani," alisema kwa sauti ya chini. "Leo uniamshe sawasawa."

"Lini sijakuamsha?"

"Nina makosa mawili ya kuchelewa. La tatu hawakuiti hata ofisini. Wanakufuta, na kiti wanampa mwingine. Uniamshe hata kama nimekufa."

"Ukifa sikuamshi. Nitakaa juu ya jeneza lako mpaka wanipe mbuzi wangu wa utani."

Hakucheka. "Unamkumbuka Ulomi?"

Kobelo alimkumbuka. Ulomi alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mtu wa maneno mengi. Walipomfuta kazi, akarudi kwenye kitanda chake nyumbani na kugundua kwamba mwili umekisahau. Mtu akishazoea mbeleko miaka minne, mitano, usingizi wa kawaida unamgomea. Ulomi alikuwa akija stesheni kila alfajiri kuomba akalie kiti cha mtu asiyekuja, hata robo saa. Kampuni ilikataa. Siku ya ishirini na sita alikutwa kwenye benchi, amekaa, macho wazi.

"Mimi nina watoto wawili na mama," Nyamizi alisema. "Uniahidi."

"Nakuahidi."

Akaegemea. Mkanda ukamvuta. Akazimika.

*

Treni ilipopita mto, Kobelo alianza mzunguko wake. Mkononi alikuwa na kibao cha kampuni chenye taa themanini, taa moja kwa kila kiti. Kijani maana yake abiria anapumzika vizuri. Nyekundu maana yake yuko hatarini, asiamshwe, apelekwe kwa daktari. Katika miaka sita Kobelo hakuwahi kuona nyekundu.

Kwa hiyo alitumia mkono. Aliacha shule darasa la tano akaenda kufunga pampu za visima na baba yake mdogo, na kwa miaka thelathini alijua pampu kwa kuishika tu. Pampu inayovuta maji mazuri inanguruma chini chini, mfululizo. Pampu inayovuta kuzidi uwezo wake inatetemeka, inaruka, inatulia, inaruka tena. Mbeleko nayo ilikuwa mashine ya kuvuta, ila ilichovuta ni uchovu wa mtu. Mhandisi mmoja aliyekuja kufunga viti aliwahi kumweleza: mbeleko inasukuma damu na mawimbi kichwani ili kusafisha taka ya siku nzima, kazi ambayo mwili huifanya polepole usiku.

"Inaisafisha yote?" Kobelo alimuuliza.

"Karibu yote," mhandisi alisema, akageukia nyaya zake.

Karibu yote, mara mbili kwa siku, miaka sita. Mwanzoni zamu ilikuwa ya urefu wa saa kumi. Waajiri walipoona watu wanashuka treni na nguvu mpya, ikawa kumi na nne, halafu kumi na nane. Kile kidogo kilichobaki hakikuwa na siku ya kutoka.

Alishika mgongo wa kiti cha kumi na tano. Sawa. Cha kumi na sita, kinaruka kidogo, kama vingi siku hizi. Alipoweka kiganja kwenye cha kumi na saba, alikiondoa haraka.

Kiti kilikuwa kinapiga mateke. Kinavuta, kinakwama, kinavuta, kama pampu iliyofika kwenye tope. Uso wa Nyamizi ulikuwa umetulia, lakini ukope mmoja ulichezacheza, na kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimepoteza rangi. Kobelo alitazama kibao. Kijani.

Alikuwa ameshalipeleka jambo hili kwa msimamizi wake, mara mbili. "Kibao kinasema kijani," msimamizi alimwambia. "Mkono wako unapima nini, Bwana Kobelo? Una cheti cha mkono?" Watu wakacheka. Hata yeye alicheka, maana alikuwa amechoka kubishana.

Alikaa kwenye ngazi ya dharura mkabala na kiti na kujaribu kufikiri. Nyamizi aliendesha kreni. Alikaa kwenye kibanda cha kioo juu kama ghorofa ya kumi, akanyanyua makontena ya tani thelathini, na chini yake walisimama watu wa kufunga ndoano. Akimwamsha, atapanda kule na kichwa kilichojaa tope. Asipomwamsha, kazi imekwenda, kiti kimekwenda, na Ulomi alianza vivyo hivyo.

Zilibaki dakika kumi na mbili kufika Vikonje.

Chini ya kila kiti kulikuwa na swichi yenye kifuniko, ya kuzima umeme treni ikishika moto. Kuigusa bila moto lilikuwa kosa la kufukuzwa. Kobelo alipiga magoti, na magoti yalilia. Akafungua kifuniko, akazima. Hesabu yake ilikuwa ndogo: kiti kikiacha kumvuta, ataamka mwenyewe, taratibu, atampa maji, atamtazama machoni, halafu ndipo waamue pamoja.

Mngurumo ukafa. Alilegeza mkanda, akavua ule utepe wa kichwani. Nyamizi hakuamka.

Aliinamisha sikio mdomoni kwake. Hakusikia kitu. Akawaza, nimemuua. Akashika kiatu cha Nyamizi ili agonge soli.

Ndipo Nyamizi akavuta hewa ndefu, kichwa kikaangukia begani, mdomo ukafunguka, akakoroma.

Haukuwa mkoromo wa adabu. Ulianzia mbali kama trekta linalogoma kuwaka, ukapanda, ukakatika, ukatoka na mluzi. Kobelo alibaki na kiatu mkononi. Alikuwa hajasikia mtu akikoroma tangu mkewe alipoingia kwenye zamu ndefu. Mwili wa Nyamizi haukuwa umesahau. Ulikuwa unalala wenyewe, bila kuvutwa na kitu.

Alikiachia kiatu, polepole.

*

Waliotangulia kugongwa soli walikuwa watu wa mbele. Mwanamke mmoja alijinyoosha, akasimamisha mikono hewani.

"Nini hicho?"

"Mtu," Kobelo alisema. "Chukua kitambaa chako, mama, tunafika."

"Anaumwa?"

"Amelala."

Walizidi kuamka, na kila aliyeamka aliuliza lile lile, halafu akasikiliza. Mzee mmoja alitabasamu akitazama sakafu. Kijana aliyekaa karibu na choo, mfungaji wa ndoano aitwaye Chilewa, Mgogo mrefu mwenye viatu vya chuma, alikuja mbio kupitia katikati.

"Huyo si Nyamizi? Mbona hujamgonga?"

"Nimemwacha."

"Umemwacha? Mzee, una wazimu? Ana makosa mawili huyu! Nyamizi! We Nyami—"

Kobelo alimziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa mkubwa kuliko Chilewa kwa miaka ishirini na tano, na hakuwahi kumgusa abiria namna hiyo.

"Nisikilize. Wewe ndiye unayefunga ndoano chini yake?"

Chilewa akauondoa mkono ule usoni. "Ndiyo mimi. Kwani nini?"

"Leo utasimama chini yake?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Sikuuliza kazi. Nimekuuliza, utasimama?"

Chilewa alimtazama Nyamizi. Alikuwa akikoroma, mate yamechuruzika kwenye kola. Treni ilianza kufunga breki na watu wakayumba.

"Jana," Chilewa alisema, "alishusha kontena hatua mbili kutoka niliposimama. Nikapiga filimbi, hakusikia. Nilipomuuliza mchana, hakukumbuka kama alinyanyua kontena lolote saa ile." Alipangusa pua. "Sikumwambia mtu. Ana watoto."

"Na wewe je?"

"Mmoja. Wa miezi minne."

Milango ikafunguka. Honi ya bandari ilikuwa ikilia upande wa pili wa uzio, na watu wa njano wakaanza kushuka. Chilewa alisimama kidogo. Viatu vyake vya chuma vilikuwa vinagonga sakafu kama nyundo, siku zote watu walimtania kwa hilo. Aliinama, akavivua, akavishika mkononi, akashuka kwa soksi.

Kobelo akafungua kitambaa cha njano kwenye mkono wa kiti cha kumi na saba na kukitia mfukoni. Milango ikajifunga. Sasa alikuwa amevunja ahadi.

*

Nyamizi aliamka saa nne na dakika ishirini, kwenye karakana ya Pugu, behewa likiwa tupu na wafagiaji wameshapita. Wao pia walikuwa wamefagia kwa kunyata. Kobelo alikuwa kwenye ngazi yake, amekaa, kichwa mikononi.

Kwanza alitabasamu. Halafu akaona jua lilivyosimama juu dirishani. Mkono wake ukaenda kwenye mkono wa kiti, ukapapasa.

"Kitambaa changu kiko wapi?"

Kobelo akakitoa mfukoni.

"Saa ngapi?"

"Saa nne imepita."

"Mtani, acha masihara."

"Si masihara."

Alisimama, akatazama nje, akaona vichwa vya treni vilivyopangwa na hakuona kreni hata moja. Akamgeukia. Kobelo alingojea kofi, na alikuwa tayari kulipokea.

"Nilikuambia uniamshe hata kama nimekufa."

"Uliniambia."

"Ukaahidi."

"Nikaahidi."

"Halafu ukakaa hapo kama kinyago! Nani alikupa ruhusa? Mimi mtoto wako? Mimi mkeo?" Sauti ilipasuka. "Na usiniletee habari za utani, we mzee. Leo hakuna utani. Umeniua. Umewaua na watoto wangu. Utanilaza wewe? Usiku utakuja kunibeba mgongoni?"

"Kiti kilikuwa kinakwama. Nilikizima."

"Ulikizima saa ngapi?"

"Kabla ya Vikonje. Dakika kumi na mbili."

Nyamizi alitazama mkanda uliolegea, utepe uliokuwa unaning'inia, kifuniko wazi chini ya kiti. Alihesabu kwa vidole, taratibu kama mtu asiyeiamini hesabu yake.

"Saa tatu," alisema. "Nimelala saa tatu na zaidi, bila mashine?"

"Ulikoroma kama trekta la kijiji."

"Muongo."

"Behewa zima mashahidi. Chilewa alivua viatu."

Nyamizi akakaa. Kwa nje mtu alikuwa anagonga chuma, anaacha, anagonga.

"Nimeota," alisema mwishowe. "Nilikuwa napepeta mpunga kwa bibi, Urambo. Kuku wanakuja, nawafukuza, wanarudi. Basi. Hakuna zaidi ya hapo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Miaka sita sijawafukuza kuku."

"Mtani..."

"Usiniite hivyo bado." Simu yake ilitetemeka kifuani. Aliitoa, akasoma, akamgeuzia aone. Ujumbe ulikuwa na mstari mmoja, namba yake ya kazi na neno AMEFUTWA. Wa Kobelo, kwa kugusa swichi, ulikuwa umeshaingia saa moja kabla. Yeye alikuwa hajafutwa bado. Kesho atakuja na mrithi wake, amfundishe njia, halafu arudishe kibao.

Nyamizi aliinuka, akaweka kofia ngumu juu ya kiti na kuiacha. Alikunja kitambaa cha njano mara nne, akamrudishia.

"Kaa nacho. Leo usiku nitajilaza kwenye mkeka wangu, nyumbani. Nikilala, kesho nitakuja Mikese kukichukua, na nitakutukana vizuri mbele za watu. Nisipolala..." Alivuta pumzi. "Nisipolala, utakileta msibani, udai huyo mbuzi wako."

Akashuka. Kobelo alimwona akivuka reli, anatazama kushoto na kulia kama mgeni wa mjini.

*

Kesho yake saa kumi na mbili na robo Kobelo alisimama mlangoni mwa behewa la tatu. Usiku hakulala, na hakuwa na mashine ya kulaumu. Nyuma yake mrithi, mwanamume mnene mwenye sare mpya, alikuwa akikitazama kibao.

"Zote kijani," mrithi alisema. "Kazi nyepesi hii, baba."

"Weka mkono hapo."

"Wapi?"

"Mgongoni mwa kiti cha huyu aliyekwisha kulala. Shika. Usikitazame hicho kibao."

Mrithi alishika, akacheka kwa haya, akauondoa. Kobelo akamrudishia mkono pale pale, akaushikilia.

Wengine waliendelea kuingia wakiburuta miguu. Walifunga vitambaa, nyekundu, njano, kijani, kila mmoja. Kobelo alikuwa ametumaini kuona kiti kimoja kitupu, hata kimoja. Chilewa naye alifunga cha kwake, mafundo mawili, akamwamkia kwa kichwa. Kwenye namba kumi na saba aliketi mwanamke mgeni. Alikuta kofia ngumu juu ya kiti, akaiweka sakafuni.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane. Kobelo alichungulia jukwaani. Benchi la Ulomi lilikuwa tupu. Mwuza maandazi alikuwa anafunika ndoo yake. Hakuna mwingine.

Saa kumi na mbili na nusu milango ikajifunga. Alikishika kile kitambaa mfukoni mpaka kikalowa jasho. Aliwaza atavaa nini msibani. Aliwaza kwamba watoto wale hawajui sura yake.

Treni ilitikisika, ikaanza kwenda, na mtu akatokea kwenye geti la stesheni.

Hakuwa anakimbia. Alikuja akitembea, khanga imefungwa upande, kichwa hakijasukwa wala kuchanwa, ndara za bafuni miguuni. Treni ilipompita karibu Kobelo alimwona vizuri dirishani: shavu zima la kushoto lilikuwa na mistari ya mkeka, imekata ndani, bado haijafutika. Macho yalikuwa yamevimba kama ya mtoto aliyeamshwa kwa nguvu.

Nyamizi naye alimwona. Alinyanyua mkono, akapiga miayo mirefu mpaka meno ya nyuma yakaonekana, na kabla hajamaliza miayo alianza kumtukana. Kioo kilizuia sauti, lakini Kobelo alisoma midomo. Matusi yalihusu milima, ndizi, na mama yake mzazi.

"Nani yule?" mrithi aliuliza.

"Mtani wangu," Kobelo alisema. "Amechelewa treni."

Alikaa kwenye ngazi ya dharura, miguu ikimuuma, na kichwa chake kikaegemea ukuta.